Zawadi Niliyoshona Kabla ya Safari

Nitawasimulia, ila msinikatize, maana nikisimamishwa katikati sitaweza kuendelea, na aibu hii nimeibeba tangu Desemba. Watu wa kanisa letu wanaijua, wapangaji wa ploti yetu wanaijua, hata mama anayeniuzia sukuma wiki pale kona ananiangalia kwa jicho la mtu aliyeambiwa, kwa hiyo sina tena cha kuficha. Mimi, Mama Mercy, fundi wa nguo ninayeheshimika (niliyekuwa naheshimika, niseme ukweli), niliumbuka mbele ya madhabahu, watu wakiwa wamejaa hadi mlangoni, kwa sababu ya shali moja.

Kwanza mnielewe mimi ni nani. Nimeolewa hapa Nakuru, katika familia ya watu wa reli, lakini nilizaliwa Keringet, na nilipokuja kama bibi arusi nilichojua ni kupanda viazi na kukamua ng'ombe, basi. Aliyenifundisha kushona ni mama mkwe wangu, Robai, ambaye wajukuu wanamwita kukhu, ndivyo nyanya anavyoitwa upande wa mume wangu, na siku hizi mtaa mzima unamwita Kukhu. Alinifundisha kwa cherehani yake mwenyewe, ile ya kukanyaga kwa miguu, ambayo marehemu mumewe alimnunulia akiwa bado anafanya kazi kwenye karakana ya reli, na macho yake yalipoanza kufifia akanikabidhi na kuniambia, "Hii ilisomesha watoto wangu. Na wako itawasomesha." Ni cherehani nzuri, ila ina kilema kimoja ambacho hakuna fundi amewahi kukiweza: ukikunja kona upande wa kulia, inaruka mshono mmoja. Nimeshona nayo sare na beji za shule miaka mingi, na kila kona ya kulia ina pengo lake dogo ambalo mteja haoni.

Jambo la pili la kujua juu yangu ni kwamba nina mkono wa birika. Mume wangu Wafula amenitania kwa hilo hadi amechoka. Sijioni mbaya kwa sababu hiyo, mtu aliyekulia nyumba ya watoto tisa anajua kwa nini chumvi hupimwa, lakini nikubali kwamba kuna mahali pa kubana na mahali pa kuachilia, na mimi nilikuwa sijui mpaka uko wapi.

Sasa, watoto wetu wawili, Mercy na Brian, walikuwa wametulilia kwa muda mrefu tuwapeleke kwenye ile bustani ya michezo ya kule Naivasha, yenye bembea za kuzunguka na vitelezo vya maji na mashua za kukanyaga. Shule zilipofungwa, shemeji yangu akatuazima gari lake siku moja, na Wafula akasema haya, mwaka huu tunaenda. Tukamwambia Kukhu ajiandae. Alicheka kidogo akapapasa magoti yake.

"Miguu hii itawachelewesha," akasema. "Mtakuwa mnanibeba kama gunia badala ya kuangalia watoto. Nendeni tu."

Halafu akatuambia kitu ambacho Wafula mwenyewe hakuwahi kukisikia. Alisema wakati wao wa reli, walipokuwa wakisafiri, treni ilikuwa ikipita Naivasha na mzee anamwonyesha ziwa dirishani, anamwambia siku moja nitakushukisha hapa ulione kwa karibu. Kila safari alikuwa akimwambia hivyo. Kisha mzee akaugua, wakamzika, na ile siku moja haikufika.

"Kwa hivyo mniletee kitu ya huko," akasema, akiniangalia mimi, si mwanawe. "Hata kidogo. Nikiishika nijue mlifika na mlinikumbuka."

Hicho tu. Mwanamke aliyenipa kazi ya mikono yangu, ambaye hajawahi kuniomba hata kitambaa cha kufuta jasho, aliniomba hicho tu.

Mimi nikaanza kupiga hesabu. Jirani yangu mmoja aliwahi kwenda pale na akaniambia vitu vya duka lao ni moto, kikombe kimoja bei ya nusu dazani huku town, na mimi moyo wangu ukakataa kabisa. Nikajiambia, kwani kitu ni kitu, cha muhimu si mkono unaotoa? Siku tatu kabla ya safari nikaenda kwa mitumba, nikachambua lile rundo la mashali mpaka mwenye kibanda akaniuliza kama ninatafuta pete, na nikapata moja ya sufu, ya kijivu, safi, laini, haina hata uzi uliochomoka. Nikaifua, nikaipiga pasi, nikaiweka kwenye cherehani. Wazo langu lilikuwa (na nililiona wazo la akili sana, nilijipongeza kwa sauti peke yangu kwenye kibanda changu cha kushonea) nidarizi picha ya huko juu yake ili ionekane imetoka dukani kwao.

Picha gani? Hapo ndipo Unakuru wangu uliponiponza. Sisi watu wa hapa, mtu akitaja ziwa, tunaona flamingo. Flamingo wako kwenye kuta za shule, kwenye vibao vya hoteli, kwenye beji nilizoshona mpaka ninaweza kumdarizi flamingo nimefumba macho. Haikuniingia akilini kwamba ziwa la wenyewe lina wanyama wa wenyewe. Nikachukua uzi wa pinki uliobaki nilipodarizi kola za watoto wa Sunday school, nikamchora flamingo mzuri, mguu mmoja juu, shingo imejikunja kulia, na chini yake nikaandika NAIVASHA. Nikawaonyesha Wafula na watoto, kisha nikaifunga kwenye karatasi na kuisukuma chini ya kitanda. Zawadi ya safari ikawa imekamilika kabla ya safari.

Tulifika Naivasha asubuhi, na kitu cha kwanza kilichonikaribisha langoni kilikuwa kiboko. Kiboko mkubwa wa saruji, amevaa kofia ya makuti, anacheka. Kiboko huyohuyo alikuwa kwenye tikiti, kwenye mapipa ya takataka, kwenye mashati ya wafanyakazi, hadi kwenye mlango wa choo. Nilizungusha macho nikitafuta flamingo hata mmoja wa kunitetea, hakuna.

Mercy, ambaye ana miaka kumi na anaona kila kitu, akanivuta mkono. "Mum, si ile ya Kukhu uliweka flamingo?"

"Hebu nyamaza kwanza."

"Lakini hapa ni hippo."

"Nimesema nyamaza, Mercy."

Duka lao lilikuwa kando ya maji kabisa, na ndani, nisiwafiche, kulikuwa na mashali. Yalikuwa yametundikwa kwenye waya, mepesi, rangi ya udongo, na kiboko mdogo pembeni. Nililishika moja. Nikageuza kile kikaratasi cha bei, nikasoma, nikalirudisha pale polepole kana kwamba limeniunguza.

Wafula alikuwa nyuma yangu. "Mama Mercy, chukulia mathe hiyo moja. Moja tu."

"Yake iko nyumbani."

"Yako ni ya flamingo."

"Na ataona tofauti gani? Kwani ashawahi kufika hapa?"

Nilisema hivyo kwa mdomo wangu, mahali ambapo yeye alitamani kufika maisha yake yote. Wafula aliniangalia, akaenda kuwatazama watoto. Na baada ya hapo sikuliwaza tena jambo lile, maana siku yenyewe ilikuwa tamu, sijacheka hivyo miaka. Brian aliteleza kwenye maji mpaka kaptula ikapasuka, mimi mwenyewe nikapanda mashua nikapiga makelele, na tulipokuwa tunarudi tukasimama Kikopey tukaagiza nyama ya mbuzi, na nikamwambia muuzaji aongeze mbavu. Niliongeza mbavu, jamani, bila kupepesa jicho.

Kukhu alikuwa ametusubiri sebuleni, amevaa kitambaa chake kizuri cha kichwa kama mtu anayetarajia wageni. Nikapitia chumbani, nikatoa ile karatasi chini ya kitanda, nikaja nayo kana kwamba imetoka kwenye gari. Akaipokea kwa mikono miwili. Akaiweka kwanza mapajani na kuiombea, halafu ndipo akaifungua, akaisogeza karibu na macho.

"Huyu ndege ni wa huko?"

"Wa huko, mama. Wamejaa tele."

"Ulinunua upande gani? Karibu na ziwa?"

Sasa hapo ningeweza kusema mama, nimekushonea mwenyewe. Maneno matatu. Angefurahi, ninajua angefurahi. Lakini uongo ukishaingia mlangoni unatafuta kiti.

"Kando ya maji kabisa," nikasema. "Kuna duka pale. Nilisimama sana nikifikiria rangi gani utapenda, mpaka hawa wakachoka kunisubiri."

Brian akaangalia viatu vyake. Wafula akatoka nje kufunga gari, ambalo nilikuwa nimeona akilifunga. Kukhu akanishika shavu kwa kiganja chake kigumu, na akasema, "Asante kwa kunifikiria," na mimi nikasema karibu, mama.

Wiki ile alimwonyesha kila aliyepita. Hakuivaa, aliitunza, anaikunjua na kuikunja. Nilikuwa namsikia kutoka kibandani kwangu akiwaambia majirani, "Mke wa Wafula alinichagulia kando ya ziwa," na kila nilipomsikia nilikanyaga cherehani kwa nguvu zaidi.

Kisha ikaja Jumapili ya shukrani. Kwetu, siku hiyo watu huleta vitu walivyobarikiwa navyo mwaka ule, jogoo, maboga, maziwa, mikungu ya ndizi, na baada ya mahubiri vinapigwa mnada mbele ya madhabahu kwa ajili ya kazi ya kanisa, na mwaka huo kazi yenyewe ilikuwa paa. Anayenadi ni Mzee Shiundu, mzee wa kanisa mwenye sauti ya tarumbeta na maneno mengi. Tulikuwa na wageni pia, mchungaji kutoka Kamere, kule kando ya ziwa la Naivasha, na mke wake, mama mnene mpole aliyeketi mbele na mkoba mapajani.

Jogoo akauzwa. Maboga yakauzwa. Halafu nikamwona Kukhu anainuka na mkongojo wake, kwapani ameshika kitu cha kijivu kilichokunjwa.

"Bwana asifiwe," akasema.

"Amina!"

"Mimi sina shamba, sina kuku. Lakini mwaka huu nimepewa kitu. Marehemu mzee wangu aliniahidi kunipeleka Naivasha, Mungu hakupenda. Sasa mke wa Wafula amekwenda huko, akasimama kando ya ziwa, akanichagulia hii. Nimeona ni kana kwamba mzee amenishukisha mwenyewe. Na kwa sababu ndicho kitu kizuri kuliko vyote nilivyonavyo, nimekileta kwa Bwana."

Kanisa likapiga vigelegele. Wengine walikuwa wanafuta machozi. Mzee Shiundu akaikunjua shali juu, flamingo wangu akaning'inia mbele ya watu wote, na nikajua lazima niinunue mimi, niipeleke nyumbani, niizike.

"Nani ananianzia?"

"Mia tano!" nikapaza sauti kabla hajamaliza.

Watu wakageuka. Mnajua sifa zangu, na wao walizijua. Mwanakwaya mmoja akasema "Haleluya" kwa mshangao wa kweli.

"Mia sita," akasema mke wa mchungaji wa Kamere, akitabasamu.

"Elfu!"

"Mama Mercy ameguswa na Roho!" Mzee Shiundu akanguruma, na kanisa likacheka. Wafula akanivuta sketi nikae. Sikukaa. Yule mama akasema elfu na mia mbili, mimi nikasema elfu mbili, na sikuwa nayo, nilikuwa na noti moja na nauli ya kurudi, wala sijui ningetoa wapi nyingine, lakini ningeweza kuuza hata pasi yangu ya mkaa wakati ule. Akina mama waliokuwa karibu na mgeni wakaona ni heshima mgeni aondoke na kitu, wakamchangia kwa kunong'ona, na akasema elfu tatu. Niliyekataa kumlipia Kukhu bei ya dukani nilikuwa nimesimama kanisani nimepungukiwa na pesa za kununua kile nilichokishona.

"Imekwenda kwa mgeni wetu!"

Yule mama akaipokea, akaitazama kwa furaha, kisha nikaona nyusi zake zinasogeleana. Hakuwa na ubaya hata kidogo, nimemfikiria mara nyingi na sijapata ubaya ndani yake.

"Lakini hii si ya pale," akasema, na kipaza sauti cha Mzee Shiundu kilikuwa karibu sana. "Pale nembo yao ni kiboko. Kijana wangu ndiye anauza kwa hilo duka la kando ya ziwa. Flamingo hawana."

Mzee Shiundu, ambaye hajawahi kuacha kimya kipite bila kukijaza, akaiinua tena shali, akamtazama flamingo, kisha akageuka kwa watoto wa Sunday school waliokuwa wamepangwa pale mbele wakisubiri kuimba.

"Mbona hii pinki ni kama ya hizi kola?"

Watoto wote kwa pamoja wakashika kola zao na kuziangalia. Watu wa nyuma wakaanza kucheka, na kicheko kikaja mbele safu kwa safu kikinitafuta, maana kila mtu anajua nani alidarizi zile kola. Kisha kikafika kwa Kukhu, ambaye alikuwa bado amesimama, na kikafa.

"Nipe nishike," akasema.

Mzee Shiundu akampa. Macho yake hayaoni mshono siku hizi, lakini vidole vyake vinaona. Akavipitisha taratibu juu ya mguu wa flamingo, juu ya mgongo, mpaka pale shingo inapokunja kulia, na vikasimama kwenye lile pengo la mshono mmoja. Alishona na cherehani ile miaka zaidi ya thelathini. Niliona uso wake ukijua.

Kukhu akainua kichwa akaligeukia kanisa.

"Kosa ni langu," akasema. "Huyu hakuniambia amenunua huko. Alinishonea mwenyewe, mimi kwa uzee wangu nikasema ni ya dukani. Msimcheke."

Akamrudishia mgeni shali. "Chukua, mama. Imeshonwa vizuri. Imeshonwa na mtoto wangu."

Watu wakapiga makofi, wakafurahi, mambo yakasonga, wakaleta mkungu wa ndizi. Mimi nilikaa. Mama ambaye hawezi kukwambia chai ni tamu kama hujaweka sukari alikuwa ametoka kusema uongo mbele ya madhabahu, kwa ajili yangu, kwa sauti iliyonyooka.

Nyumbani hakula. Alikaa kwenye kiti chake, nikapiga magoti mbele yake, nikaanza kumwaga maneno, bei za kule, hali ngumu, nia yangu, na yeye akanyanyua mkono tu.

"Sikuulizi kuhusu duka. Umenishonea, kushona si dhambi. Nakuuliza kitu moja. Ulisema ulisimama pale ukifikiria rangi nitapenda. Ulipokuwa huko, ulinikumbuka?"

Nikatafuta. Naapa nilitafuta siku ile nzima kichwani, kwenye vitelezo, kwenye mashua, kwenye zile mbavu za Kikopey, nikitafuta hata dakika moja niliyomwaza. Nilikumbuka dakika ya dukani tu, na mnajua nilichosema pale. Zawadi yake ilikuwa tayari chini ya kitanda, ningemkumbukia nini? Kumbe pamoja na pesa nilikuwa nimebana hata kumkumbuka.

"Hapana, mama," nikasema.

Akatikisa kichwa polepole. "Sawa. Hiyo angalau ni ya kweli." Kisha akaomba asaidiwe kwenda kulala, na jua lilikuwa bado juu.

Mngedhani iliishia hapo. Wiki mbili baadaye ilikuwa Jumapili ya meza ya Bwana. Katika miaka yote niliyoishi naye, Kukhu hajawahi kukosa meza, hata alipokuwa na malaria alibebwa. Sinia la vikombe vidogo likaja kwenye safu yetu, likamfikia, na akalipitisha. Hakuchukua. Akalipitisha kwangu kwa mikono miwili, bila kuniangalia, na akaweka mikono yake mapajani.

Nililishika lile sinia nikashindwa kulipeleka mbele. Nilielewa. Alikuwa anajihesabu mkosaji kwa uongo aliousema mahali pale, na hakuona haki ya kunywa. Hakuwa ananiadhibu, mtu kama yule hajui kuadhibu, alikuwa tu anafuata anachokiamini, na mimi ndiye niliyemfikisha hapo.

Nikasimama. Hakuna aliyeniita, na mchungaji alikuwa katikati ya sala. Vikombe vikagongana kwenye sinia, na kila mtu akafumbua macho.

"Ile shali," nikasema, "mama hakukosea. Mimi ndiye nilimwambia nimeinunua Naivasha kando ya ziwa. Nilimdanganya kwa mdomo wangu, nyumbani, mbele ya watoto wangu. Yeye aliwaambia vile ili kunifunika. Uongo ni wangu, wote. Yeye hana hata punje."

Mara hii hakuna aliyecheka, na nilitamani wangecheka. Nikainama, nikamsogezea Kukhu sinia. Aliniangalia kwa muda mrefu, macho yale yasiyoona mshono, halafu akanyoosha mkono na kuchukua kikombe chake. Mimi sikuchukua siku hiyo. Nilipitisha.

Basi ndiyo hiyo. Tangu siku hiyo nimejiwekea nadhiri kwamba sitamnunulia mtu zawadi ya safari kabla sijasafiri, hata wakiniambia bei za huko zinaua, na nikipeleka kitu nitasema nilikitoa wapi. Sheria nyingine sina. Bado ninabana, nisiwadanganye, chumvi bado naipima.

Juzi nilienda Gilgil kuchukua vitambaa vya sare. Pale stendi kulikuwa na mama anachoma mahindi, nikachagua moja kubwa la Kukhu, nikalilipia, nimeshalishika mkononi, ndipo nikamwona kichwani jinsi anavyotafuna siku hizi upande mmoja. Nikaomba kubadilishiwa, yule mama akakataa, na ana haki, kwa hiyo nikanunua na ndizi mbivu kwa jirani yake, nikala mahindi yangu njiani kwa bei ya watu wawili.

Kukhu akazipokea kwa mikono miwili. "Hizi ni za wapi?"

"Gilgil, mama. Nilikuwa nimekuchukulia mahindi, nikakumbuka meno."

Akacheka, mara ya kwanza tangu Desemba, akacheka mpaka mkongojo ukaanguka, na akamenya moja pale pale.